Taji la kantri la miaka ya 70 ni la Charley Pride

Kwa Mhariri,

Kwa majuma kadhaa sasa wasomaji wenzangu wamekuwa wakijibizana katika ukurasa huu kuhusu nani alikuwa mwimbaji bora wa kiume wa muziki wa kantri katika miaka ya 70. Nimezisoma barua zote, na kwa kuwa mimi ni mmoja wa wale waliokulia na nyimbo hizo katika mtaa wa Jericho hapa Nairobi, naomba nafasi nami nitoe ushahidi wangu.

Kwanza tukubaliane kuhusu kipindi chenyewe. Wasomaji kadhaa wamemtaja Jim Reeves. Sijui nyumba ya Mkenya wa rika langu ambamo sauti yake haikusikika, hasa asubuhi ya Jumapili na wakati wa matanga, lakini mwimbaji huyo alifariki katika ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964. Kampuni iliyomrekodi iliendelea kutoa nyimbo zake kwa miaka mingi baada ya hapo, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu tuliamini kwamba bado yu hai. Hata hivyo hatuwezi kumvika taji la muongo ambao hakuuona. Kenny Rogers naye, ambaye ametajwa kuliko wote, alishika usukani wa kantri mwaka 1977 kwa wimbo "Lucille", akafuatisha "The Gambler" mwaka 1978, na mwaka 1979 CMA, yaani Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani, kikamtuza kama mwimbaji bora wa kiume. Miaka hiyo ya mwisho ni yake, sibishi. Lakini muongo una miaka kumi.

Kuhusu Don Williams nasema kwa uangalifu, kwa sababu moyo wangu uko kwake. Hakuna aliyejua kunyamaza ndani ya wimbo kama yeye. Alipata tuzo hiyo hiyo mwaka 1978 kwa haki kabisa, na "You're My Best Friend", wimbo wake wa mwaka 1975, ndio uliopigwa siku ya harusi yangu. Hata hivyo, kumpenda mtu ni jambo moja, na kutoa hukumu ni jambo jingine, na nikiulizwa nani aliubeba muongo wote tangu mwanzo hadi mwisho, jibu langu ni Charley Pride.

Nakumbuka vizuri siku niliyouona uso wake kwa mara ya kwanza. Nyumbani tulikuwa na redio moja ya betri, na baba hakumruhusu mtu yeyote kuigusa Sauti ya Kenya ilipokuwa ikipiga kantri. Baba alimwita Pride "yule Mzungu wa sauti safi", nasi watoto tukaamini hivyo. Mwaka 1978 nilitumwa mjini, nikapitia duka moja la santuri karibu na River Road, nikaona jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya picha ya mtu mweusi mwenye tabasamu pana. Nilimwambia muuzaji kwamba ametia santuri katika jalada lisilo lake. Hakubishana nami. Aliitoa, akaiweka kwenye gramafoni, akashusha sindano, na sauti iliyotoka ikawa ile ile ya redioni. Niliinunua kwa akiba yangu yote, ingawa nyumbani hatukuwa na gramafoni. Baba alikaa na jalada lile mapajani jioni nzima bila kusema neno, kisha akalisimamisha juu ya kabati kando ya redio, na hapo likakaa hadi tulipohama.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kosa letu halikuwa letu peke yetu. Kampuni ya santuri ya RCA ilipotoa wimbo wake wa kwanza mwaka 1966, iliusambaza kwa vituo vya redio bila picha yake, kwa hofu kwamba watangazaji wangekataa kuupiga wakijua rangi ya aliyeimba. Mtu huyu alizaliwa Sledge, Mississippi, mwaka 1934, katika familia ya watoto 11 iliyolima shamba la watu, akachuma pamba, na akajifunza nyimbo za kantri kwa kuisikiliza redio ya baba yake, jambo ambalo mtoto yeyote wa Jericho angelielewa. Kabla ya muziki alikuwa mchezaji wa besiboli katika ligi za weusi. Mwaka 1971 CMA ilimtawaza mtumbuizaji bora wa mwaka, na akawa mwimbaji bora wa kiume mwaka huo na mwaka uliofuata.

Najua kuna atakayenijibu kwamba kama ni hesabu ya tuzo, basi Ronnie Milsap ndiye aliyestahili, kwa kuwa aliipata ile ya mwimbaji bora mara tatu, mwaka 1974, 1976 na 1977. Ni hoja ya haki, ila Milsap aliikuta safari iko katikati. Pride alikuwa na nyimbo zilizoongoza orodha ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, mwaka 1970, na mwaka 1979 alikuwa bado anazo. Kwa jumla katika miaka hiyo kumi zilizidi 15. Nyimbo zake za kabla ya hapo sizitumii katika hoja hii, hata "Crystal Chandeliers" ambayo kila mtu hapa Nairobi huidai, kwa sababu ni ya mwaka 1967.

Hoja nzito zaidi ni ya Merle Haggard, nami nasikitika kwamba hakuna msomaji aliyeitoa. Haggard aliwahi kufungwa katika gereza la San Quentin, akasamehewa rasmi mwaka 1972, na mengi ya maisha hayo aliyaandika mwenyewe, wakati Pride aliimba zaidi tungo za wengine. Kama tungekuwa tunamtafuta mtunzi, ningempa Haggard taji leo hii. Lakini swali letu ni la mwimbaji, na sisi watu wa Kiswahili tunaijua tofauti hiyo kutokana na taarabu, ambamo mtunzi wa shairi mara nyingi siye anayeliimba, na hakuna anayemdharau mwimbaji kwa ajili hiyo. Nilikuwa na daftari la kunakili nyimbo kutoka redioni. Haggard aliyaburuta maneno hata nikaacha mapengo mistari mizima; Pride aliyatamka yote, silabi kwa silabi, na bado hakuna neno lililosikika kama somo la darasani. Katika "Is Anybody Goin' to San Antone" anaimba habari za mtu aliyemwacha mwanamke na sasa anatembea barabarani mvua ikimnyeshea, wala halii wala hapazi sauti. Uchungu uko katika namna anavyoishusha sauti mwishoni mwa mstari.

Nina ombi moja kwa watangazaji wa vipindi vya kantri vya mwisho wa juma hapa jijini. Kila wimbo ukiisha, tafadhali tajeni jina la mwimbaji na mwaka ambao wimbo ulitoka. Vijana wanaosikiliza wanawachanganya Reeves na Rogers kwa sababu hakuna anayewaambia, na Pride, aliyefariki tarehe 12 Desemba 2020, husikika mara kwa mara bila jina lake kutajwa.

Msomaji wenu,
Jericho, Nairobi