Hulipii Pete, Unalipia Kupimwa

Miezi mitatu iliyopita binti wa mteja wa kliniki yetu alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mama yake, mwenye miaka 71, tulimvalisha pete kwa ajili ya kizazi kilichoshuka, na siku ya nne pete ikadondokea chooni. "Mmetuuzia kitu kibovu," alisema, "na bado mnataka mama apande tena gari kuja Tanga mjini." Lalamiko hili nalipata karibu kila mwezi kwa sauti tofauti, kwa hiyo nalijibu hapa kwa wote.

Hospitali huiita pesari. Ni silikoni laini inayokaa ndani ya uke na kushikilia kizazi, kibofu au ukuta wa haja kubwa visiteremke. Haiponyi. Kazi yake ni ile ya mwega unaoegemeza mgomba wenye mkungu mzito: ukiuondoa, mgomba unalala. Lakini bibi mwenye presha au moyo, au asiyetaka tu kupasuliwa, anaweza kuishi nayo miaka mingi akienda sokoni, msibani na msikitini bila kuhisi kitu kinamning'inia katikati ya miguu.

Pete zetu zinapishana kwa milimita tano tano. Mama akishakojoa analala, tunampima kwa vidole viwili, tunaweka pete ya kwanza. Ikikaa, kidole kimoja kinatakiwa kipite kati yake na ukuta wa uke. Kisipopita, pete ni kubwa na itakwangua. Kikipwaya, itatoka. Halafu anasimama, anazunguka uani, anachuchumaa, anakohoa kwa nguvu, anajikaza kama yuko chooni. Hatumruhusu aondoke kabla hajakojoa pete ikiwa ndani. Mara nyingi hiyo ni saa nzima na pete mbili au tatu zilizojaribiwa, na kila iliyojaribiwa lazima isafishwe na kuchemshwa. Anayeuza pete peke yake mtandaoni atakuuzia kwa bei ya chini, sikatai. Yeye hajamwona mama yako.

Pete kutoka mara ya kwanza si ubovu. Wengi wanahitaji kubadilishiwa saizi, na mara nyingi siku hiyo mtu amepata choo kigumu akajikaza, au amenyanyua ndoo ya lita 20. Ndiyo maana marudio ya mwezi wa kwanza hatuyatozi, pamoja na kubadilisha pete. Imeandikwa kwenye risiti, lakini yule binti hakuisoma, na sisi hatukumwambia kwa mdomo. Sasa tunasema.

Badala ya kumrudisha mama, aliagiza pete nyingine kwa simu, saizi mbili juu, akaisukuma mwenyewe kitandani. Hadi magharibi mama hakuweza kutoa hata tone la mkojo. Walikodi gari usiku, hospitali wakamwekea mpira wa mkojo na kuitoa pete ile. Gari, kitanda, mpira na dawa vilizidi mara kadhaa nauli ya kuja kwetu.

Hilo angalau lilijulikana siku ile ile. Linaloniumiza zaidi ni pete inayosahauliwa. Tulimpokea bibi kutoka upande wa Muheza aliyevalishwa pete mahali pengine, akaambiwa sasa amepona. Alikaa nayo miaka sita. Alikuja kwa sababu wajukuu walisema chumba kinanuka. Nyama ilikuwa imeota juu ya pete, tukampeleka kwa daktari akaitoa kwa dawa ya usingizi. Pete iliyotelekezwa inaweza kutoboa hadi kwenye kibofu. Kwa hiyo tukikupigia simu kukukumbusha tarehe, hatutafuti hela yako. Asiyeweza kuitoa mwenyewe tunamwona kila miezi mitatu hadi sita: tunaitoa, tunaiosha, tunatazama kama kuna kidonda, tunairudisha.

Baada ya hedhi kukoma, ngozi ya uke huwa nyembamba na kavu. Daktari akiona inafaa huandika krimu ya estrojeni (homoni ya kike) ya kupaka ndani, kidogo kidogo, na ngozi hustahimili pete vizuri zaidi. Kinachoiharibu ni shabu. Akina mama wanaweka shabu au majani ya kubana wakiamini kizazi kitapanda. Ngozi ile inachubuka, na juu ya mchubuko hatuwezi kuweka pete. Na ile kanga ya kujikaza tumboni hadi pumzi inakata inasukuma uzito chini, kule kule tunakozuia.

Wapo tunaowarudisha bila pete kabisa. Mzee mmoja alimleta mkewe kutoka Pongwe, akalipa, akaona mama anatoka na karatasi ya mazoezi tu. Aligomba sana: hela imekwenda na hakuna hata kidonge! Lakini mkewe alikuwa hatua za mwanzo. Kwa hatua hizo mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2019 unataka mazoezi ya misuli ya nyonga yenye msimamizi kwa wiki zisizopungua 16, kabla ya mambo mengine. Anabana kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, anahesabu, anaachia taratibu. Tunahakikisha kwa kidole, maana wengi wanabana makalio na tumbo wakidhani ndiyo yenyewe. Kikohozi kisichoisha kitibiwe, choo kilainishwe kwa maji, papai na mboga. Yule mama hajahitaji pete hadi leo.

Na aliyekwisha koma hedhi akiona damu, hatumvalishi chochote. Anakwenda kwanza hospitali achunguzwe, hata akikasirika kwamba amekuja na hela yake tukamkatalia.

Binti yule alimrudisha mama baada ya wiki mbili. Tulipima upya. Saizi sahihi ilikuwa moja tu juu ya ile iliyodondoka. Safari hii tulimfundisha mama kuitoa mwenyewe, kwa kuwa vidole vyake bado vina nguvu. Utafiti wa Uingereza wa wanawake 340, uliotoka mwaka 2023, ulionyesha kwamba wanaojitunzia pete wenyewe hawaishi vibaya kuliko wanaotegemea kliniki, na matatizo ya pete kwao ni machache. Alhamisi usiku anaitoa, anaiosha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, analala bila pete. Asubuhi anaweka mguu mmoja juu ya stuli, anairudisha, anakwenda zake shambani.