Barua kwa Rafiki: Jozi Kubwa Baada ya Flopu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi baada ya kimya cha kitambo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, na ni matumaini yangu kuwa nawe u mzima pamoja na wa nyumbani. Barua yako imenifikia pamoja na kumbukumbu ya mchezo wa poka ya mtandaoni uliyoiambatisha, na kwa kuwa umeuliza bila kuficha kama ulikosea kusukuma fedha zako zote ukiwa na ree mbili, nami nitajibu bila kuficha: hadi kwenye flopu, yaani karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani kwa wote, ulicheza kama inavyopasa, ila baada ya karata ya nne fedha zako zilikwenda bila sababu ya kutosha.

Tuurejee mchezo wenyewe. Meza ilikuwa ya watu sita, madau ya lazima senti 5 na senti 10, na kila mmoja wenu alikuwa na dola 10. Ulishika ree ya kopa na ree ya pau, ukapandisha hadi senti 30, na aliyekufuata ni mmoja tu, yule mwenye dau kubwa la lazima. Zikafunguliwa malkia wa shupaza, saba ya shupaza na mbili ya uru. Mezani palikuwa na senti 65. Ukaweka 45, naye akalipa. Ikaja nne ya pau. Uliweka dola 1.10 mezani pakiwa na dola 1.55, na mtu huyo, ambaye hadi hapo alikuwa akilipa tu, akapandisha hadi 3.60. Ukasukuma zote zilizobaki, akalipa, akafunua saba mbili, ambazo pamoja na ile ya mezani zilikuwa saba tatu.

Dau lako la dola 1.10 nalisifu kwa moyo wote. Mwenye shupaza mbili mkononi alikuwa na karata 9 za kumfaa, za kumtimizia shupaza tano, kati ya 46 asizoziona, yaani takriban asilimia 20, ilhali bei uliyomtoza ilimhitaji ashinde asilimia 29 ya mara zote ili asipate hasara. Wako wachezaji wengi ambao, wakishika jozi kubwa, yaani inayozidi karata zote za mezani, huweka dau dogo kwa kuogopa kumfukuza mtu, na kumbe wanamuuzia karata kwa bei ya kutupa.

Shida ilianza alipopandisha. Keti na kalamu uhesabu anachoweza kuwa nacho. Mfalme na malkia hupatikana kwa njia 12. Ree na malkia kwa njia 6 tu, kwa sababu ree mbili unazo wewe. Saba mbili, nne mbili na mbili mbili kwa njia 3 kila jozi, jumla 9. Alipokuwa akilipa tu, karata zinazoshindwa na zako zilikuwa nyingi kuliko zinazokushinda. Lakini katika meza za senti, mwenye malkia mmoja hapandishi kwenye karata ya nne. Analipa na kusubiri. Kwa hiyo ziondoe njia zile 18, nawe utaona kilichobaki: zile 9, na pengine mwenye shupaza mbili anayekutisha tu. Dhidi ya saba tatu ulibaki na ree mbili za kukuokoa kati ya karata 44, ambazo ni chini kidogo ya asilimia 5. Hapo karata zilipaswa kutupwa, hata kama ni ree.

Usinielewe kwamba jozi kubwa ni ya kutupwa ovyo. Hukumu inategemea fedha ulizobakiza zikilinganishwa na zilizo mezani. Kwenye flopu mezani palikuwa na senti 65 nawe ulikuwa na dola 9.70, karibu mara 15. Jozi moja haibebi mzigo huo. Lakini kama kabla ya flopu angekupandishia hadi dola 1, nawe ukajibu kwa 2.40, naye akalipa, mezani pangekuwa na dola 4.85 na wewe ungebaki na 7.60. Kwa flopu ileile ningekuomba usukume zote bila kusita.

Wafalme na malkia wanahitaji uangalifu zaidi. Ukishika wafalme wawili, ree hutokea kwenye flopu takriban asilimia 23 ya mara zote. Ukishika malkia wawili, ree au mfalme hutokea asilimia 41. Ikitokea hivyo, weka dau dogo mara moja au uache zamu ipite, ufike mwisho kwa gharama ndogo. Idadi ya watu nayo ni jambo kubwa: ree mbili hushinda karibu asilimia 85 dhidi ya karata zozote za mtu mmoja, lakini dhidi ya watu wanne hushuka hadi kama 56.

Kuhusu shaka yako kwamba mashine inakuonea, fikiria kasi ya mtandaoni. Ree mbili huja mara 1 katika 221. Wewe unacheza meza nne kwa pamoja, na kila moja hugawa karata zaidi ya mara 60 kwa saa, kwa hiyo unazipata, na kuzipoteza, kila siku. Nimeona kwenye kumbukumbu yako kwamba ulibonyeza kabla muda wa akiba, ule wa ziada wa kufikiri, haujaanza kuhesabu. Nakusihi, funga meza mbili.

Nitumie na ule mchezo wa wafalme ulioutaja, ukiniandikia kila mmoja alikuwa na kiasi gani kabla ya flopu, maana bila hicho siwezi kukujibu.

Ni mimi rafiki yako.