Jivu la Kwaresima halichomwi usiku wa Jumanne

Ndugu Mhariri,

Kila mwaka habari za Pasaka hujaa magazetini katika juma la mwisho: bei za nguo za watoto Ngamiani, ulinzi wa polisi, umati wa ufukweni Raskazone siku ya Jumatatu. Sizikatai. Naomba tu nafasi ya kusema mambo ambayo juma la mwisho haliwezi tena kuyatengeneza. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi, na Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza na waumini hupakwa jivu kwenye paji la uso, ni tarehe 10 Februari. Kwetu Wamethodisti wa Tanga matayarisho yanapaswa kuanza Januari, tena yaanzie kwenye darasa, yaani kikundi kidogo cha waumini chini ya kiongozi mmoja, si kwenye kamati ya sherehe inayoitishwa matawi yakiwa yameshakatwa.

Nianze na majivu, maana ndiyo yanayoharibiwa zaidi. Asili yake ni matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Huku pwani wengi hubeba makuti machanga ya mnazi; wengine, hasa wenye jamaa wasusi wa mikeka, huleta ukindu. Ukindu ndio bora, kwa kuwa mkindu ni jamii moja na mtende wenyewe, na majani yake membamba huungua sawasawa. Kosa la kwanza hufanyika siku ile ile ya matawi: yanafungwa kwenye mfuko wa plastiki yakiwa mabichi na kusukumwa kabatini. Masika yanaingia, ukungu unaota, na Februari ikifika humo ndani ni uozo mtupu. Yatundikwe juu, ndani ya gunia au kapu, mahali panapopita upepo.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe yaanikwe juani siku mbili tatu, hadi yavunjike kwa vidole. Makuti yaondolewe njukuti, vile vijiti vya katikati ya jani, kwa sababu haziungui kwa mwendo mmoja na jani na huacha vipande vigumu vinavyokwaruza paji la uso. Utepe, uzi wa nailoni na ukindu uliotiwa rangi vitupwe kando. Choma kidogo kidogo nje, ndani ya sufuria kuukuu au debe, na moto ukishashika funika nusu ili jani ligeuke jeusi badala ya kuteketea kabisa. Likipoa, litwange kinuni, kisha lichekeche mara mbili kwa chujio la chai. Usishangae gunia zima likitoa kikombe kimoja. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo hutosha watu wengi kuliko unavyodhani, na kinachobaki hutunzwa kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Sasa hatari yenyewe: jivu lisichanganywe na maji. Mpishi yeyote anayechuja jivu la kulainishia maharage anajua maji yake yanavyouma mikono. Hayo ni magadi, na yakikaa kwenye paji la uso saa nzima yanachoma ngozi. Jivu jeupe ndilo kali zaidi, na wapo wanaochoma kwa makusudi hadi liwe jeupe, eti alama ionekane vizuri kwenye ngozi nyeusi. Afadhali alama isionekane kuliko mtoto kuamka Alhamisi na kidonda chenye umbo la msalaba. Tumia mafuta ya zeituni au ya nazi safi, matone manne matano kwa kijiko cha chai, hadi lishikane kama wanja. Mafuta yakizidi, jasho la Februari litayateremsha hadi machoni. Na jivu la jiko la mkaa lisiingizwe kabisa, hata kama zimebaki dakika kumi ibada ianze. Hujui kilichochomwa humo.

Wapo wazee wanaouliza majivu haya tumeyatoa wapi, na kama si ya Wakatoliki. Wana hoja. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alipowatengenezea Wamethodisti wa Marekani kitabu cha ibada mwaka 1784 alifuta sikukuu nyingi, na Jumatano ya Majivu haikumo. Kwa vizazi kadhaa Wamethodisti wengi hawakupakwa kitu. Ni katika karne ya 20 ndipo desturi hiyo ilipoanza kurudi, na kitabu cha ibada cha Wamethodisti wa Uingereza cha 1999 kina ibada ya siku hiyo. Kwa hiyo asiyetaka kupakwa asishurutishwe, wala asihesabiwe kuwa amepungukiwa imani.

Mfungo, hata hivyo, Wesley hakuufuta. Kanuni za Jumla alizowaandikia Wamethodisti mwaka 1743 zinautaja waziwazi, na enzi za chuoni Oxford yeye na wenzake walifunga Jumatano na Ijumaa hadi saa tisa alasiri. Toka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Toa Jumapili 6, ambazo hazifungwi, zinabaki 40. Kwa mtu mwenye kazi zake, namna inayobebeka ni kula mara ya mwisho Alhamisi jioni, kisha kunywa maji tu hadi Ijumaa saa tisa alasiri. Nasisitiza maji. Februari na Machi, kaskazi ikielekea ukingoni, ni miezi ya joto kali hapa, na mbeba mizigo wa bandarini au dereva wa bodaboda asiyeonja maji tangu asubuhi anaweza kuanguka njiani. Kanisa halikumwagiza hivyo. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye vidonda vya tumbo na kila anayemeza dawa kwa saa maalumu, ziwe za kifua kikuu au za VVU, wasifunge chakula. Waache kitu kingine: nyama, soda, sukari kwenye chai, simu baada ya saa tatu usiku. Kiongozi wa darasa ndiye wa kuwaambia hayo mapema na faraghani, maana wengi wao hufunga kwa kuona haya mbele ya wenzao.

Kufungua nako kuna utaratibu. Uji mwepesi wa mtama au ndizi mbivu kwanza, nusu saa baadaye chakula. Chai kali ya rangi na maandazi yaliyolowa mafuta kwenye tumbo tupu huleta kiungulia kingi ambacho baadaye hupachikwa jina la majaribu ya shetani.

Mwaka 2027, kama ilivyokuwa 2026, Ramadhani inatarajiwa kuanza siku zizo hizo za Majivu, kutegemea mwezi utakavyoandama. Kwa mji kama Tanga hilo si jambo dogo. Anayefungua saa tisa asile barazani mbele ya jirani ambaye bado anasubiri magharibi. Mazoezi ya kwaya yenye vipaza sauti yasigongane na tarawehe, yaletwe alasiri. Tena kuna suala la bei: tende, mihogo, viazi vitamu na sukari hupanda mwezi huo, hivyo vyakula vya kuwagawia wahitaji vinunuliwe Januari, au visubiri Idi ipite karibu na tarehe 10 Machi. Hapo bado zitakuwa zimebaki wiki mbili na nusu kabla ya Pasaka.

Fedha za kununulia ni kazi ya darasa. Madarasa ya Kimethodisti yalizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1742 kwa sababu ya deni la jengo. Watu kumi na wawili hivi waliwekwa chini ya kiongozi mmoja, apite kwao kila wiki kukusanya peni moja ya kila mtu. Kule kupita nyumba kwa nyumba ndiko kulikomwonyesha kiongozi nani anaumwa, nani hana amani na mkewe, nani ameacha kusali. Sisi tumepindua: darasa limebaki orodha ya michango kwenye kundi la simu, na mchango wenyewe unatangazwa Jumapili ya Matawi.

Hesabu yake haina ugumu. Kwaresima ya 2027 ina Ijumaa 7, pamoja na Ijumaa Kuu. Tuseme chai ya asubuhi na chakula cha mchana humgharimu mtu shilingi 3,000. Akiziweka kila anapofunga, zinakuwa 21,000. Darasa la watu 12 linapata 252,000 bila harambee wala bahasha ya ziada. Za Ijumaa 6 za mwanzo zigawiwe kabla ya Juma Kuu kuanza, ili mjane aingie Pasaka mchele ukiwa ndani, asiitwe kuuchukua Jumanne baada ya sikukuu. Za Ijumaa Kuu zianzishe mfuko wa mwaka unaofuata. Cha msingi ni kukusanya kila wiki, mweka hazina akiandika mbele ya watu wawili. Kopo linalokaa nyumbani wiki sita huazimwa, na likishaazimwa halirudi lilivyokuwa.

Alhamisi Kuu ina Meza ya Bwana, na kila mara kikombe hukumbukwa saa kumi jioni. Wamethodisti hutumia juisi ya zabibu isiyochacha, desturi iliyoenea baada ya Thomas Welch, daktari wa meno Mmethodisti wa Marekani, kufanikiwa mwaka 1869 kuipasha moto ikakaa bila kuchacha. Ya dukani ikikosekana au ikiwa ghali, zabibu kavu zinafaa. Nusu kilo ioshwe, ilowekwe usiku kucha katika lita 2 za maji, ichemke kwa moto mdogo dakika 30, ipondwe na ichujwe kwa kitambaa cheupe cha pamba. Utapata karibu lita moja na nusu, yaani mililita 15 kwa kila mmoja wa watu 100. Itiwe ingali moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa. Ikipikwa Jumanne na kuachwa wazi mezani bila friji, kwa joto letu Alhamisi itakuwa inatoa mapovu. Soda nyekundu sitaijadili.

Ibada ya Ijumaa Kuu, ile ya saa sita hadi saa tisa yenye maneno saba ya msalabani, huharibiwa na hesabu tu. Dakika 180 kwa wahubiri 7 ni dakika 25 na ushee kwa kila mmoja, pamoja na somo, wimbo, maombi na kimya. Mahubiri yakipita dakika 12, neno la saba litasomwa saa kumi, mbele ya watu waliofunga tangu jana jioni. Mshika saa apewe mamlaka ya kugonga meza, hata kama anayehubiri ni mchungaji mwenyewe.

Imebaki ibada ya mapambazuko kwa wanaoifanyia ufukweni. Mwishoni mwa Machi jua huchomoza hapa karibu saa kumi na mbili na nusu, hivyo watu wawe wameshasimama saa kumi na mbili kasorobo. Pasaka hufuata mwezi mpevu, na mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kiasi. Mwaka ambao mwezi umejaa siku moja mbili kabla ya Jumapili, bahari inaweza kuwa imepanda alfajiri hiyo na pale palipopangwa viti pakawa maji. Mwaka 2027 mwezi unajaa Jumatatu ya tarehe 22 Machi, kwa hiyo Jumapili itakuwa karibu na maji mafu, bahari isipopanda sana, na nafasi itakuwepo. Turubai liandaliwe kwa ajili ya mvua tu. Kwa miaka mingine, gazeti lako likichapa saa za kupwa na kujaa kwa maji ya Tanga wiki moja kabla ya Pasaka, litawafaa viongozi wa makanisa, na wavuvi wa mwalo wetu wa Deep Sea pia.

Kiongozi wa darasa,
Chumbageni, Tanga