Upasuaji wa unene hauishii mezani

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula kwa watu wenye unene uliokithiri. Utafiti mkubwa ulioanza Uswidi mwaka 1987 uliwafuatilia wagonjwa 2,010 waliopasuliwa na 2,037 waliopewa matibabu ya kawaida, na ukabaini kwamba waliopasuliwa walipata kisukari na mshtuko wa moyo kwa uchache zaidi, na kwa wastani waliishi miaka 3 zaidi ya wenzao. Hata hivyo, maisha yao yalibaki mafupi kwa takriban miaka 5.5 kuliko ya wananchi wengine, jambo ambalo wanaoutangaza upasuaji huu wangepaswa kulisema waziwazi.

Dada yangu aliruhusiwa kurudi nyumbani bila kuelezwa kwamba angehitaji vitamini B12 na madini ya chuma maisha yake yote. Mwaka wa pili, kandambili ilikuwa ikimvuka mguuni bila yeye kuhisi, kwani upungufu wa B12 huharibu mishipa ya fahamu. Naziomba hospitali zimpe kila mgonjwa maelezo hayo kwa maandishi, pamoja na tarehe za kupimwa damu, kabla hajatia saini fomu ya ridhaa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam