Tumeidhinishwa kuasili, tumpokee mtoto ambaye kesi yake haijaisha?

Shikamoo Shangazi,

Tunakuandikia kutoka Uingereza, mume na mke, Watanzania. Tumeidhinishwa kuasili mtoto, lakini mpaka sasa hatujapangiwa, na kuna uamuzi mbele yetu ambao kila mmoja anauona kivyake. Tueleze utaratibu kwanza, maana nyumbani wengi wanadhani mtu huenda kituoni akachagua mtoto.

Huku England watoto wengi wanaoasiliwa wametolewa kwa wazazi wao kwa amri ya mahakama, nao hukaa kwa walezi wa kambo, yaani watu wanaowatunza kwa muda. Mwombaji hupita awamu mbili: ya kwanza miezi miwili ya kuangalia afya, rekodi za polisi na wadhamini, ya pili miezi minne ya afisa ustawi kuja nyumbani kuhoji kila kitu, hadi mlivyolelewa ninyi wenyewe. Halafu jopo linapendekeza na shirika linaidhinisha. Watu hudhani hapo kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza mnaingia foleni, tena foleni isiyo na namba. Hapewi aliyetangulia. Anapewa anayeonekana kumfaa mtoto yule.

Kuna mtandao unaoitwa Link Maker ambako wasifu wa watoto na wa familia zilizoidhinishwa huwekwa. Mkiona mtoto, mnaonyesha nia. Afisa wa mtoto naye amepokea maombi ya familia nyingine, anachuja, anatembelea chache, anabaki na moja. Mnaoachwa mara nyingi hamwambiwi sababu. Tena mwaka ukiisha bila mtoto, kibali chenu kinapitiwa upya.

Panapokwama zaidi, kwa tunavyoona, ni kwenye orodha ya maswali. Mtampokea mtoto ambaye mama yake alikunywa pombe akiwa mjamzito? Ambaye mzazi wake ana skizofrenia, ugonjwa wa akili? Ndugu wawili pamoja? Aliyepita miaka mitano? Kila swali lina visanduku vitatu: ndiyo, tujadiliane, hapana. Sisi tunataka mtoto mmoja, chini ya miaka mitatu, na kwenye pombe tumeweka hapana. Hapo ndipo mlango unapojifunga, kwa sababu pombe imo kwenye historia za watoto wengi wa huku, na hata isipoandikwa haina maana haikuwepo. Madhara yake yanaweza kuchelewa kuonekana hadi mtoto aanze shule na kushindwa kutulia au kukumbuka alichofundishwa jana. Afisa wetu anasema "tujadiliane" haimfungi mtu: mnaruhusiwa kuonana na daktari mshauri wa shirika, asome faili nanyi, ndipo mjibu. Anayeweka hapana, faili lenyewe halimfikii.

Rangi nayo ina mchango wake, ingawa si kama watu wanavyodhani. Tangu sheria ya 2014, England haiyalazimishi tena mashirika kuipa asili na lugha ya mtoto uzito wa pekee wakati wa kumtafutia familia. Hata hivyo watoto weusi bado husubiri muda mrefu zaidi, pamoja na ndugu wanaotakiwa kwenda pamoja na wenye ulemavu. Wengi, sisi tukiwemo, wameweka hapana kwa baadhi ya hao hao wanaosubiri zaidi.

Sasa tumependekezewa njia nyingine: kumpokea mtoto mchanga kama walezi wa kambo wakati kesi yake ingali mahakamani. Mahakama ikiamua asirudi kwao, anabaki kwetu na tunaendelea kumuasili. Ikiamua mama au bibi yake anaweza kumlea, anarudi, na kazi yetu ni kumwandaa aende salama. Kesi inatakiwa iishe ndani ya wiki 26, ila nyingi hupita hapo. Katikati yake mtoto hupelekwa kuonana na wazazi wake mara kadhaa kwa wiki. Mnafunga begi: nepi, maziwa, nguo za kubadilisha, na daftari la kuandika amelala saa ngapi na amekunywa kiasi gani, maana mama yake atalisoma na pengine ataandika majibu humo humo.

Faida yake tunaiona. Mtoto hahamishwi mikono mara tatu, na likizo ya kuasili ya wiki 52 inaweza kuanza siku anapoingia nyumbani. Mume wangu yuko tayari. Mimi naogopa kufunga begi lile kwa mara ya mwisho. Yeye ananijibu kwamba hofu hiyo ni yetu wakubwa, na ni bora tuibebe sisi kuliko kumbebesha mtoto.

Shangazi, tunaomba ushauri kwa mambo matatu. Je, mtu mwenye hofu kama yangu aingie njia hii akitegemea atazoea, au akatae mapema ili asije akamwangusha mtoto katikati? Na kama tutakataa, tubadilishe nini kwanza kwenye ile orodha: umri, idadi, au hapana ya pombe? Pia, ndugu zetu Tanga na Dar tuwaambie lini? Wakishajua kuna mtoto watamwita mjukuu tangu siku ya kwanza, na kesi itakuwa bado.

Wasomaji wako,
Mama na Baba Watarajiwa, England