Barua ya Wazi kwa Msajili wa Vyama vya Siasa: Chama Kinapohama, Mwanachama Aulizwe

Kwa Msajili wa Vyama vya Siasa,
Nairobi.

Mheshimiwa Msajili,

Nakuandikia kuhusu jambo lililo ndani ya uwezo wa ofisi yako, nalo ni hali ya mwanachama wa kawaida chama chake kinapovunjwa au kinapounganishwa na kingine.

Vyama kubadilika si ajabu, wala mimi sioni kuwa ni kosa. KANU, iliyoasisiwa mwaka 1960, ilitawala hadi 2002, na tangu iondoke madarakani hakuna aliyeshinda urais wa Kenya mara mbili kwa chama kilekile: Mwai Kibaki alipita kwa NARC mwaka 2002 akarudi na PNU mwaka 2007, naye Uhuru Kenyatta alipita kwa TNA mwaka 2013 akarudi na Chama cha Jubilee, kilichoundwa mwaka 2016 kwa kuvunja vyama kadhaa. Kinachoniuma ni kwamba mageuzi haya huamuliwa na viongozi wachache, na aliyejisajili kwa hiari yake hupata habari redioni.

Desturi hii ni ya tangu uhuru. Novemba 1964 wabunge wa KADU, chama cha upinzani, walihamia upande wa serikali, na sera ya majimbo (kuipa mikoa mamlaka yake) waliyoinadi kwa wananchi ikazikwa bila mpiga kura kuulizwa neno. Miaka miwili baadaye, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU na kuunda KPU, Bunge lilibadilisha Katiba kwa haraka ili waliohama warudi kwa wapiga kura, ndipo ukafanyika ule uchaguzi mdogo wa 1966. Kanuni yenyewe, kwa maoni yangu, ilikuwa ya haki. Ubaya ni kwamba ilimbana anayetoka KANU na haikuwa imemgusa aliyeingia.

Mfano wa pili ni maelewano ya mwaka 2002 kati ya NAK na LDP, pande mbili zilizoungana kuwa NARC. Ugomvi juu ya kilichoahidiwa katika mkataba ule ulianza punde tu baada ya ushindi, na kufikia kura ya maoni ya 2005 kuhusu katiba mpya mawaziri wa serikali moja walikuwa wakifanya kampeni dhidi ya wenzao, wengine na ndizi (alama ya Ndiyo), wengine na chungwa (alama ya La). Mamilioni waliokuwa wameichagua NARC hawakuwa na nakala ya mkataba huo ya kupimia nani anasema kweli.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 imerekebisha mengi, na mikataba ya miungano sasa huwasilishwa kwako. Lakini tazama kifungu cha 11. Vyama vikiungana, mbunge, gavana au mwakilishi wa wadi asiyetaka chama kipya huruhusiwa kumaliza muhula wake, na ana siku 30 za kuchagua ajiunge na chama kingine au awe huru. Mwanachama asiye na cheo huhesabiwa papo hapo kuwa wa chama kipya. Anaweza kujiuzulu, ndiyo, lakini atajiuzulu vipi kutoka mahali ambapo hajui kwamba amepelekwa? Na vyama hivi, Mheshimiwa, vinavyotimiza masharti hupewa fedha za umma kupitia Hazina ya Vyama vya Siasa, kwa hiyo si mali ya waliotia saini.

Naomba mambo mawili. Kwanza, kabla ya kusajili muungano wowote wa aina hii, ofisi yako imtumie kila mwanachama aliye katika daftari ujumbe wa simu unaotaja chama kinachovunjwa na kile kipya, naye apewe siku 30 zilezile za kukubali au kujiondoa. Pili, kila mkataba unaowasilishwa kwako uchapishwe wote, kwa Kiswahili na Kiingereza, pamoja na sehemu inayoeleza jinsi nyadhifa na rasilimali zitakavyogawanywa. Ikiwa lolote kati ya haya linahitaji marekebisho ya sheria, basi ofisi yako ipeleke pendekezo hilo Bungeni mapema, kabla joto la uchaguzi wa 2027 halijapanda.

Wako mwaminifu,
Mpiga kura