Kabla hamjapiga marumaru, niiteni na ndoo yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni mama wa Ujiji, umri umeshasogea, na kwa miaka 11 nilikalia kiti cha plastiki mlangoni mwa choo cha kulipia katika stendi moja hapa Kigoma. Nilipokea mia mbili mbili, nikagawa karatasi, nikadeki, nikazibua. Nimeacha kwa sababu ya magoti. Choo chenyewe hakijanichosha hata leo.

Aliyeniamsha ni mjukuu wangu, fundi marumaru. Mwezi uliopita alipata kazi kwenye jengo jipya la biashara mjini, chini maduka na mgahawa, juu ofisi. Akanipakia kwenye bajaji nikaone kazi yake. Nilipoingia vyooni nilidhani nimekosea nikaingia ukumbi wa harusi. Kuta nyeupe mpaka darini, sakafu nyeupe inayong'aa, vioo, na mabomba yale ya kukinga mkono yakatoa maji yenyewe.

"Umeonaje, Bibi?"

"Pazuri. Ndoo ya kudekia itajazwa wapi?"

Akageuka kutazama, akanyamaza. Mabomba ya sinki yalikuwa mafupi, ndoo haiingii chini yake. Bomba la chini hakuna. Pa kuweka fagio hakuna, pa kuanika dekio hakuna. Nikamwomba ndoo moja ya maji kutoka kwenye pipa la mafundi, nikaimwaga katikati ya sakafu. Maji yalisimama kidogo kama mgeni anayeulizia njia, kisha yakaondoka taratibu kuelekea mlangoni, na kutoka mlangoni yakaenda kwenye mgahawa. Tundu la kutolea maji lilikuwa kona ya nyuma, kavu kabisa.

Sasa Mhariri, kosa lile halikutokana na ukosefu wa pesa. Marumaru zile ni za bei. Ila aliyechora hakuwahi kudeki choo, na anayedeki hakuulizwa. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea tundu, unatosha maji yajiondokee yenyewe, na zege likiwa bichi mteremko huo haugharimu hata shilingi moja. Ukishapiga marumaru, ni nyundo. Na marumaru ya kung'aa ni ya sebuleni. Chooni, penye maji na sabuni, weka ya kukwaruza isiyoteleza, hata kama haipendezi pichani.

Nasema hivyo kwa sababu nimeshuhudia mtu akianguka. Alikuwa mzee, msafiri, ameshuka kwenye basi alfajiri miguu imekufa ganzi. Aliteleza ndani ya chumba na mgongo wake ukaegemea mlango. Mlango wenyewe ulikuwa unafunguka kwa ndani. Tukisukuma, tunamsukuma yeye, naye anapiga kelele. Kijana mmoja wa kupakia mizigo ilibidi apande juu ya ukuta wa kugawa vyumba, aruke ndani, ang'oe bawaba kwa bisibisi ya kuazima. Tulichukua karibu nusu saa. Milango ya vyumba vya choo ifunguke nje, au basi bawaba ziwe za kuchomoleka. Hata kwa mtu mzima na salama ni hivyo hivyo: mlango wa ndani unakulazimu ujibanze kandokando ya choo cha kuchuchumaa na upindo wa nguo yako unafagia usichotaka kukitaja.

Nguo zimenikumbusha wanawake. Katika miaka ile 11 nimeshika watoto wa watu, sina hesabu yao. Mama anashuka, mgongoni mtoto, mkononi mkoba, kwapani jogoo, amevaa baibui. Anaingia, anatazama ukutani, hamna hata msumari. Anarudi: "Mama, nishikie." Wengine hata jina langu hawakuuliza. Jogoo nilimfunga kwenye mguu wa kiti. Ndoano mbili za chuma na kibao cha kuweka mkoba havimalizi hata elfu kumi, lakini sijaona jengo linaloviweka bila kuombwa. Ndoo ya pedi yenye kifuniko pia iwepo katika kila chumba cha wanawake, la sivyo pedi inaingia kwenye bomba, na mtu wa kuitoa ni mimi, kwa waya, mkono ukiwa ndani mpaka kwenye kiwiko. Na jamani, kuwapa wanawake vyumba sawa na wanaume si haki hata kidogo. Wanaume wana mfereji wao, wanasimama watano kwa mpigo wakatoka. Sisi kila mmoja anahitaji chumba, na muda wake ni mrefu zaidi. Ndiyo maana foleni ni yetu siku zote.

Nije kwenye maji. Kigoma tuna ziwa, ukisimama mtaa wa Mwanga unaliona, na bado bomba likikauka linakauka kweli. Kwa hiyo choo kinachotegemea bomba pekee ni choo cha siku za sherehe. Tangi la zamani la kuflashi linakunywa lita 9 au zaidi kila likivutwa. Yapo sasa ya vitufe viwili, kimoja lita 3, kingine lita 6. Cha kuchuchumaa cha kumwagia kwa kopo kinaridhika na lita 2 au 3. Chukua siku yenye watu 400: tangi la zamani litataka lita 3,600, kopo halizidi 1,200. Mjukuu wangu, ambaye hesabu anaziweza kuliko mimi, aliniambia pia kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Mvua yetu kwa mwaka inakaribia milimita 1,000. Paa la mita za mraba 100 linamwaga karibu lita 100,000 barabarani, zinachimba makorongo mpaka ziwani, na ndani ya jengo hilo hilo mhudumu ananunua maji kwa madumu. Kuanzia Juni mpaka Septemba hakuna mvua, najua, tangi la kukingia mvua halitatosha. Lakini miezi mingine je?

Yale mabomba ya kujifungua yenyewe sina ugomvi nayo, ila betri ikiisha nani atapanda kununua nyingine? Wakati wa corona mafundi wetu wa kuchomelea walitengeneza vyuma vya ndoo vya kukanyaga kwa mguu, mkono haugusi kitu, havitaki umeme wala betri. Tulivipeleka wapi?

Sinki nalo lina habari yake. Hapa kwetu watu wanatawadha. Ikifika adhuhuri msafiri anavua kiatu, ananyanyua mguu, anauweka kwenye sinki, na siku moja sinki linang'oka ukutani na kuvunjika vipande viwili. Nimefagia masinki mawili namna hiyo. Halafu wanakuja akina mama wa mwalo wa Kibirizi na mikono ya dagaa na migebuka, magamba yanaziba shingo ya bomba, harufu haitoki kwa wiki. Wenye jengo wanabandika karatasi: "Marufuku kuosha miguu." Karatasi haijawahi kumzuia mtu kuswali. Jenga nje bomba la chini lenye kibaraza cha kukalia na chujio la kushika magamba, sinki lako litadumu.

Hewa. Mwenzangu mmoja, mgeni kazini, aliona choo kina madoa, akamwaga jiki, akaona haijatosha akaongeza asidi ya chooni juu yake. Ilipanda hewa ya klorini, akatoka mbio anakohoa, macho mekundu kama aliyekatiwa gunia la vitunguu. Hakuna aliyemfundisha kwamba vitu hivyo viwili havikutani. Lakini pia chumba kile hakikuwa na dirisha wala tofali la tundu juu ya ukuta. Mchoraji aliweka feni, na feni ilikufa mwaka wa kwanza. Na kama choo kinanuka ingawa ni kisafi, kabla ya kununua manukato angalia tundu la sakafuni. Maji yanayokaa kwenye shingo yake ndiyo yanayozuia harufu ya shimoni isipande. Likikaa bila kutumika yanakauka. Kopo moja la maji linamaliza tatizo, bure.

Mwisho ni shimo la choo, ambalo halionekani hivyo halina anayelihurumia. Kule nilikofanya kazi walilichimba nyuma, kisha wakajenga fremu za maduka mbele. Likajaa. Gari la kunyonya likaja, mpira ukaishia mita chache kabla ya kufika. Tulikaa na shimo lililojaa siku 9 katikati ya masika, na mji wetu ni wa miteremko, kila kinachofurika juu kinakwenda chini, na chini ni ziwa tunalochota. Waliokuwepo Mei 2015 wanakumbuka: maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, vyoo haba, maji ni ya ziwa hilo hilo, kipindupindu kikalipuka na waliougua wakapita 3,000. Waliletwa mjini kwa meli ya MV Liemba wakashukia Uwanja wa Lake Tanganyika. Tangu siku zile nikiona shimo linachungulia mfuniko, silali.

Mjukuu wangu amebandua safu mbili za marumaru kuzunguka lile tundu na kurudia mteremko. Mwenye jengo alinuna sana, akasema wateja hawaangalii mteremko. Siku ya pili alikuja asubuhi peke yake, akaomba ndoo, akamwaga, akasimama anatazama maji yanakwenda wapi. Bomba la chini ameahidi. Ndoano bado.

Anayejenga stendi, soko, gesti au mgahawa hapa Kigoma aniite sakafu ikiwa bado zege. Nauli ya bajaji nitajilipia, na ndoo ninayo.

Mama mwosha choo,
Ujiji, Kigoma